Sumbawanga, Mji wa Kutupa Wanga

Wengi wetu tumelisikia jina la Sumbawanga kwa mzaha kabla ya kuuona mji wenyewe. Mtu akisema anasafiri kwenda huko, wenzake humcheka na kumwuliza kama amejikinga. Wenyeji wamekwisha zoea. Hawakasiriki, wanakueleza tu kwamba jina hilo katika Kifipa ni amri: sumba ni tupa, na wanga ni uchawi. Tupa uchawi wako hapa nje, ndipo uingie. Kumbe mji unaosingiziwa uchawi ndio ulioukataza tangu mlangoni.

Katika Kiswahili, hata hivyo, wanga una maana nyingine, ile tunayoifundisha kliniki kila siku: ugali, wali, viazi, mihogo na mkate. Katika safari yetu ya mwezi Juni tuliingia Sumbawanga na mwenzetu ambaye wanga huo wa pili alikuwa ameutupa zamani, na badala yake amebeba begi la biskuti.

Tulikuwa akina mama wanne wa kamati ya afya ya kanisa, wawili kati yetu wauguzi. Wenzetu wa Sumbawanga walituomba twende tuzungumze nao juu ya chakula cha watoto wadogo. Tuliondoka Mbeya alfajiri kwa basi. Ukifika Tunduma, mpakani mwa Zambia, unaiacha barabara ya malori na kushika ile ya kaskazini magharibi, zaidi ya kilomita 200 za lami kupitia Laela. Hapo nchi inafunguka. Uwanda wa Ufipa hauna msitu wa kukuzuia macho. Ni nyasi, mashamba, vijiji na upepo. Mji wenyewe uko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,800, chini ya milima ya Mbizi, na mwezi Juni baridi yake si ya utani. Mama ukienda, beba sweta, na la pili la kumwazima jirani.

Njiani tuliona matuta ya mviringo mashambani, mengine yakiwa yamekwisha kuvunwa. Haya ni maarifa ya Wafipa ya tangu enzi. Mkulima hukata nyasi, huzifukia chini ya udongo ulioinuliwa, nazo huoza zikawa mbolea. Tuta hupandwa maharage, na baadaye udongo ule uliokwisha kushiba husambazwa kwa ajili ya ulezi au mahindi. Hakuna mfuko wa mbolea uliohitajika. Tungependa kuona bustani zetu za Mbeya zikifanyiwa hivyo.

Turudi kwa mwenzetu na begi lake. Ni mama wa miaka hamsini na kitu, ana kisukari mwaka wa sita sasa, na anatumia vidonge vya glibenklamaidi. Binti yake anaishi Marekani, naye kwa upendo amemfundisha mama yake mlo unaoitwa paleo, yaani mlo wa Zama za Mawe. Kwa kuwa alijua mama anapenda kitu cha kutafuna na chai, akamtumia katoni nzima ya biskuti za dukani zilizoandikwa jina hilo la paleo mbele kwa herufi kubwa.

Mawazo ya mlo huu si ya jana. Mwaka 1985 watafiti wawili wa Marekani, S. Boyd Eaton na Melvin Konner, waliandika katika jarida la kitabibu kwamba mwili wa mwanadamu umeumbika kwa chakula cha wawindaji na waokota matunda, na kwamba maradhi mengi ya leo yanatokana na kukiacha chakula hicho. Mwaka 2002 Loren Cordain alitoa kitabu kilichoueneza mlo huo kwa watu wa kawaida. Kanuni zake ni rahisi kuzishika kichwani: kula nyama, samaki, mayai, mboga, matunda, mizizi, na mbegu ngumu kama lozi na korosho. Acha nafaka zote, acha maharage na jamii yake yote pamoja na karanga, acha maziwa, acha sukari ya kiwandani na vyakula vya viwandani.

Tuseme haki. Mtu akiacha soda, maandazi na chai ya vijiko vitano vya sukari, atapungua mwili na sukari yake ya damu itatulia, ajiite wa Zama za Mawe au asijiite. Ziko tafiti ndogo za muda mfupi zilizoonyesha nafuu ya namna hiyo. Tatizo letu lilianzia kwenye biskuti.

Kwani biskuti inaingiaje hapo? Mtu wa Zama za Mawe hakuwa na oveni wala duka la kona. Tulipanga pakiti tatu mezani na kusoma migongo yake. Ya kwanza: unga wa lozi, unga wa muhogo, sukari ya nazi, mafuta ya nazi. Ya pili: unga wa muhogo, asali, mayai. Ya tatu: lozi, tende na nazi. Ngano hamna, maziwa hamna, na mtengenezaji hakudanganya neno lolote. Lakini hebu tazama, mama msomaji, kama mtu aendaye kliniki ya kisukari. Unga wa muhogo karibu wote ni wanga, sawa na ule wa ugali wetu. Sukari ya nazi kwa sehemu kubwa ni sukari ile ile ya kwenye chai, tofauti ni rangi na bei. Asali kwa uzito wake sehemu kama nane kwa kumi ni sukari. Lozi ni chakula chema, ila nusu yake ni mafuta, kwa hiyo kiganja kimoja kina nguvu nyingi. Jina la mbele ya pakiti linakwambia kilichoachwa nje. Kilichotiwa ndani kimeandikwa nyuma, kwa herufi ndogo, na ndicho kinachoingia kwenye damu.

Mwenzetu alikuwa na ushahidi wake mwenyewe, ingawa hakuuita hivyo. Wiki moja kabla ya safari alikula biskuti kumi na mbili jioni moja, akiamini kwamba hazihesabiwi. Asubuhi kipimo kikasoma 14. Akalaumu usingizi mbaya.

Siku ya pili mjini pakiti zilibaki mbili tu, naye akatuomba tumsindikize madukani. Tulikwenda maduka ya kuzunguka soko na supamaketi mbili ndogo. Biskuti zipo tele: za glukosi, za maziwa, za tangawizi, zenye krimu katikati, na zile ndogo za watoto zinazouzwa moja moja. Zote zilianza na maneno yale yale: unga wa ngano, sukari, mafuta ya mawese. Tulipata pakiti moja ya kutoka nje iliyoandikwa kwamba haina gluteni, yaani ile protini ya ngano, na mwenzetu akaishika kwa furaha. Tulipoigeuza tukakuta unga wa mchele na unga wa mahindi. Akina mama, haya mawili huchanganywa sana. Pakiti isiyo na gluteni inamfaa mtu ambaye tumbo lake haliivumilii ngano. Haina maana kwamba haina nafaka, wala haimaanishi kwamba haina sukari.

Mwenye duka, mama mmoja mcheshi, alitusikiliza kwa muda kisha akauliza, "Mama, mnatafuta biskuti isiyo na unga na isiyo na sukari?"

Tukasema ndiyo.

"Basi hiyo ni yai," akasema. "Nenda pale mbele wanachemsha."

Kule sokoni tulikaa muda mrefu kuliko tulivyopanga. Ulezi mwekundu ulikuwa umerundikwa kwenye madebe, maharage ya rangi ambazo hatukuweza kuzitaja majina, viazi mviringo, viazi vitamu, karanga, maparachichi. Migebuka na dagaa kutoka Ziwa Tanganyika upande mmoja, na samaki wa Ziwa Rukwa, ambalo liko chini bondeni upande wa pili, karibu yao. Ulezi ni nafaka ya kwetu hasa. Ulianza kulimwa hapa hapa Afrika Mashariki maelfu ya miaka iliyopita, na Wafipa wameula kama ugali, uji na kuunywa kama pombe kabla mahindi hayajafika. Gramu 100 za ulezi zina zaidi ya miligramu 300 za madini ya kalisi, yale yanayojenga mifupa na meno. Mwenzetu alipita mbele yake akiwa amefunga mikono nyuma, kama mtu apitaye kilabuni.

Siku ya tatu wenyeji walitupeleka Kalambo. Unatoka Sumbawanga hadi Matai, makao makuu ya wilaya, kisha unaendelea kwa vumbi hadi ukingo wa nchi, mahali mto Kalambo unaporuka zaidi ya mita 200 kwa mruko mmoja, Tanzania upande huu na Zambia upande ule. Maji yanaanguka kimya kwanza, na sauti inakufikia baadaye kutoka chini.

Tulikuwa tumemwahidi mwenzetu kwamba hapo ndipo atakapowaona jamaa zake wa Zama za Mawe. Haukuwa mzaha mtupu. Juu kidogo ya maporomoko, upande wa Zambia, mtaalamu wa mambo ya kale J. Desmond Clark alichimba kuanzia miaka ya 1950 akapata zana za mawe na vipande vya miti vilivyohifadhiwa na unyevu. Wachimbaji wengine wakiongozwa na Larry Barham walirudi mwaka 2019, na mwaka 2023 wakatangaza magogo mawili yaliyochongwa na kupachikwa moja juu ya jingine na watu walioishi kabla ya aina yetu ya binadamu, yapata miaka 476,000 iliyopita. Nyumba au jukwaa, lakini kazi ya mikono. Kwa hiyo kama kuna mahali duniani pa kuuliza watu wa kale walikula nini, ukingo wa Ufipa ni mmojawapo.

Wao hawakutuachia orodha ya chakula. Ila kusini ya hapa, katika pango la Ngalue nchini Msumbiji, si mbali na Ziwa Nyasa, Julio Mercader alitangaza mwaka 2009 kwamba zana za mawe za miaka ipatayo 100,000 zilikuwa na chembe za wanga wa mtama pori. Mtama ni nafaka. Na hata leo Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, ambao wafuasi wa mlo huu hupenda kuwatolea mfano, hula mizizi yenye wanga, ubuyu, matunda na nyama, na chakula wanachokipenda kuliko vyote ni asali. Tofauti ni kwamba asali yao inapandiwa mbuyu na kugombewa na nyuki. Hakuna anayeletewa kwa katoni.

Tulizungumza hayo tukiteremka. Kupanda ndiko kulikotufunga midomo. Mwenzetu alikuwa amekunywa kidonge chake asubuhi kama kawaida, akala mayai, na chakula cha mchana alikikataa kwa sababu kilikuwa wali na maharage. Alikula biskuti mbili za lozi. Tulipofika juu sote tulikuwa tunatoka jasho, lakini upepo wa ukingoni ulitukausha mara moja. Yeye hakukauka. Jasho liliendelea kumtoka, mikono ikatetemeka, na alipoulizwa kama anataka kukaa alijibu jambo jingine kabisa, juu ya funguo za nyumba yake.

Mmoja wa wenyeji akasema ni baridi, tumfunike. Baridi haimtoi mtu jasho. Kipimo tulikuwa nacho mkobani, nasi tukamchoma kidole: 3.1. Sukari ilikuwa imeshuka. Tuliuliza kama kuna yeyote mwenye soda. Hakuna. Biskuti ya lozi hapo haisaidii upesi, maana mafuta yake huchelewesha sukari kufika kwenye damu, na hiyo ndiyo aliyotaka kuitoa mfukoni. Mama mmoja wa kijijini, aliyekuwa amekuja na chupa yake ya chai kuuza kwa wageni, akammiminia kikombe. Tukatia vijiko vidogo vinne vya sukari, tukakoroga, akanywa kwa kushikiwa. Baada ya dakika kumi na tano tulipima tena: 4.6. Akatutazama akauliza mbona tumemzunguka.

Yule mama hakusubiri kuambiwa. Alitoa viazi vitamu vilivyochemshwa ndani ya kitambaa, akamwekea mkononi. "Kula, dada yangu," akamwambia. "Chai peke yake haikai." Alisema sawasawa na kitabu cha uuguzi. Sukari ya haraka humwamsha mgonjwa. Wanga wa polepole ndio unaomshikilia asirudi tena chini. Mwenzetu alikula viazi viwili bila kusema neno juu ya Zama za Mawe.

Sukari iliyoshushwa na glibenklamaidi inaweza kushuka tena baada ya saa nyingi, hata usiku. Kwa hiyo hatukumwacha alale peke yake. Tulipeana zamu na kumpima kila baada ya saa tatu, na asubuhi tulimpeleka kwa daktari, akapunguziwa dawa. Daktari alimwuliza swali moja tu, kama yule aliyempa vidonge alijua kwamba ameacha wanga. Hakumwambia. Akina mama, hapa ndipo tunapowaomba mtusikilize. Kipimo cha dawa ya kisukari hupangwa kufuatana na unachokula. Ukibadili sahani bila kubadili dawa, au ukaanza kuruka mlo, dawa inaendelea kufanya kazi kana kwamba ugali upo. Anayetaka kupunguza wanga apunguze, tena wengi wetu tungefaidika, lakini aanze kwa kumweleza daktari wake, na mkobani awe na sukari au pipi. Anayetumia insulini ndiye zaidi.

Semina ilifanyika siku ya nne, na habari za Kalambo zilikuwa zimekwisha kutangulia. Akina mama vijana walitaka kujua kuhusu biskuti za Marekani. Mmoja mwenye mtoto mgongoni aliuliza kama ni kweli nafaka na maharage ni sumu, kwa maana shemeji yake alisikia hivyo kwenye simu.

Tulijibu kwa takwimu za mkoa wao wenyewe. Katika utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022, karibu nusu ya watoto wa Rukwa walio chini ya miaka mitano, asilimia 49.8, walikuwa wamedumaa, wakati kwa nchi nzima ni asilimia 30. Na huu ni mkoa unaojaza maghala ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula. Watoto hawa hawakudumaa kwa ulezi na maharage. Tulikaa juu ya hilo saa nzima, na wao ndio waliosema, si sisi: uji wa mahindi matupu asubuhi na jioni, mama kushinda shambani wakati wa palizi na mtoto kuachiwa dada wa miaka saba, mayai na kuku kwenda sokoni, mimba za utotoni, kuhara. Halafu mama mmoja akaongeza jambo ambalo hatukulitarajia. Mtoto akilia, hununuliwa biskuti moja moja pale dukani. Inamnyamazisha na kumshibisha nusu, na chakula kikija hakitaki. Tulihesabu pamoja. Biskuti za siku mbili tatu zilitosha kununua yai.

Mtoto mdogo asiondolewe nafaka, maharage wala maziwa kwa sababu ya mlo wowote wenye jina. Uji wa ulezi uongezwe karanga zilizosagwa au dagaa, na mboga za majani na yai vifuate mchana. Hilo tulilisema mara tatu.

Jioni ile jikoni kwa mwenyeji wetu tukajaribu kitu. Lozi hazipatikani huku, lakini korosho tulikuwa nazo mkobani, na Tanzania inazo za kutosha hata tunaziuza nje zikiwa na maganda yake. Tulizitwanga vikombe viwili, tukachanganya na ndizi mbivu moja iliyopondwa, yai moja na chumvi kidogo, tukafinyanga vidogo vidogo na kuvibandika ndani ya sufuria iliyopakwa mafuta, mkaa kidogo chini na mwingi juu ya mfuniko. Dakika ishirini hivi. Vilitoka laini, rangi ya udongo. Mwenzetu aliruhusiwa viwili, baada ya chakula na si badala yake, na sahani yake ilikuwa na ugali wa ulezi wa kiasi cha ngumi, mgebuka, na mboga za majani nusu ya sahani. Kipimo cha saa mbili baadaye kilisoma 8.2, akakiandika mwenyewe kwenye daftari.

Pakiti ya mwisho ya Marekani tuliiacha Sumbawanga. Kijana aliyetupeleka stendi na mizigo alipewa kama zawadi, akaifungua pale pale kwenye usukani, akazimaliza zote huku tukipandisha mabegi kwenye basi. Tulimwuliza anaionaje.

"Ni tamu, mama," akasema akikung'uta makombo kwenye sweta. "Sasa ugali wake uko wapi?"